Binti wa suria aliyejifundisha kuandika

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi katika vipindi vya Kiswahili, nikiwaeleza wanafunzi maana yake kama ilivyoandikwa katika vitabu, kisha nikipita kwenye methali nyingine. Sikupata kuitafakari kwa dhati mpaka siku moja ya muhula uliopita, hapa Ntimaru, nilipokuwa katika kipindi cha historia nikieleza habari za Seyyid Said na wanawe waliorithi kiti cha Unguja.

Nilisema, kama jambo la kupita tu, kwamba Majid na Barghash walikuwa wana wa masuria. Mvulana mmoja aliyeketi nyuma akauliza iwapo masultani hao basi walikuwa wanaharamu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami, nasema haya kwa haya, nilitabasamu, nikatazama saa yangu na kuendelea na somo, kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu na silabasi ilikuwa ndefu. Lakini jicho langu lilikuwa limekwisha kumwona msichana mmoja wa safu ya mbele aliyeinamisha kichwa na kuanza kuchora vistari pembezoni mwa daftari lake. Katika rejista yangu, mahali pa jina la baba yake pana kistari vivyo hivyo.

Swali la mvulana yule lilistahili jibu, na jibu sikulitoa. Nalitoa leo, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wetu, kwa kusimulia maisha ya binti mmoja wa mfalme yule yule: Sayyida Salme binti Said, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Emily Ruete.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lililokuwa kando ya bahari kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake, Seyyid Said bin Sultan, alikuwa mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, hakuwa binti wa mtawala wala wa tajiri. Alikuwa Mcherkesi, mtoto wa mkulima kutoka milima ya Kaukasi. Vita viliingia kwao, wazazi wake wakauawa, na yeye, ndugu yake wa kiume na dada yake wakachukuliwa, kila mmoja akapelekwa upande wake. Hawakuonana tena maishani. Jilfidan alifika katika nyumba ya Seyyid Said akiwa bado mtoto wa kung'oka meno ya utotoni, akalelewa pamoja na mabinti wa nyumba ile, na alipokua akafanywa suria.

Hapa ndipo penye kiini cha swali la mvulana wetu. Suria hakuwa mke wa ndoa, na wala hakuwa hawara. Alikuwa mjakazi wa bwana wake. Lakini kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Unguja, mtoto aliyezaliwa na suria, maadamu baba alimkubali, alikuwa mwana wa halali, muungwana tangu siku ya kuzaliwa, na mrithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mama naye baada ya kuzaa hakuweza kuuzwa tena, na bwana wake alipofariki aliachwa huru. Mke wa ndoa wa Seyyid Said, Azza binti Seif, hakuacha mtoto. Kwa hesabu ya Salme mwenyewe, siku baba yao alipofariki alikuwa na watoto 36 walio hai, na wote walikuwa wana wa masuria. Kama wangalikuwa haramu, basi kiti cha Unguja kisingalipata mtu wa kukikalia.

Msomaji asije akadhani kwamba nausifu usuria. Hakuna aliyemuuliza Jilfidan iwapo alitaka kuuawa kwa wazazi wake au kupelekwa ng'ambo ya bahari. Sheria iliyomtukuza mtoto ilimkuta mama amekwisha kunyang'anywa kila kitu. Ninalotaka kulionyesha ni jambo jingine: kwamba uhalali wa mtoto ni neno linaloandikwa na watu wazima, na watu wazima wa nchi moja hawakuliandika sawa na wa nchi nyingine.

Tutazame Ufaransa, nchi iliyojihesabu kuwa kilele cha ustaarabu. Mfalme Louis wa 14 alikuwa na watoto kadhaa nje ya ndoa. Mmoja wao, Marie Anne, alizaliwa Oktoba 1666 kwa Louise de La Vallière. Ili binti huyo apate kuitwa mwana wa mfalme, ilibidi itolewe hati maalumu yenye muhuri mwaka 1667 ya kumhalalisha. Binti mwingine, Françoise-Marie, aliyezaliwa mwaka 1677, alikuwa na shida zaidi, kwa sababu mama yake, Madame de Montespan, alikuwa mke wa mtu. Hati ya kumhalalisha ikaandikwa bila ya kumtaja mama, kana kwamba mtoto alishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1692 mfalme alimwoza kwa mpwa wake Philippe, ambaye baadaye aliitawala Ufaransa kwa niaba ya mfalme mdogo. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa binti wa ukoo mkubwa wa Ujerumani, alighadhibika kwamba mwanawe anamwoa mtoto wa nje. Binti yule aliishi katika majumba ya dhahabu, akafariki mwaka 1749, na neno lile halikumtoka.

Basi linganisha, ewe mwanafunzi. Mabinti wawili wa wafalme wawili, kila mmoja mama yake si malkia. Kule Versailles binti alihitaji karatasi ili awe mtu, na karatasi yenyewe ikamficha mama. Kule Mtoni binti hakuhitaji karatasi yoyote, na jina la mama lilijulikana kwa kila mtu. Watoto ni wale wale. Kilichotofautiana ni kalamu ya watu wazima.

Turudi kwa Salme. Utoto wake ulikuwa wa raha. Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji, likikaliwa na mamia ya watu wa rangi na lugha mbalimbali. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi yeye na mama yake walihamia katika nyumba ya Majid, kaka yake wa baba mwingine la, wa baba huyo huyo na mama mwingine, aliyempenda na kumfundisha mambo ya wavulana kama vile kupanda farasi na kulenga shabaha. Wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kuisoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Kuandika kulihesabiwa kuwa hatari mkononi mwa mwanamke. Salme hakukubali. Alianza kwa siri, akiinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa kibao cha wanafunzi wa siku zile, mpaka mkono wake ukakubali. Siri ilipofichuka alilaumiwa, naye hakuacha. Naomba msomaji aukumbuke mfupa huo, maana yote yaliyofuata maishani mwake, ya heri na ya shari, yaliandikwa juu yake.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akirejea kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12, akatangazwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi pamoja na shamba. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua Jilfidan, na mashamba ya mama nayo yakawa yake. Katika mwaka ule ule wana wa Seyyid Said waligawanyika. Barghash alitaka kumwondoa Majid katika kiti. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda mno, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta binti huyu wa miaka 15 katika fitina. Kwa nini wakamhitaji mtoto? Kwa sababu alijua kuandika. Akawa katibu wa waasi, akiandika barua za siri za kutafuta watu na silaha, dhidi ya kaka aliyemfundisha kupanda farasi.

Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake walikwenda kumtazama, wakamtoa usiku akiwa amevikwa nguo za kike, katikati ya kundi la wanawake waliojifunika. Askari hawakuthubutu kuwafunua mabinti wa marehemu mtawala. Barghash alikimbilia shambani alikokuwa amekusanya watu, lakini Waingereza, chini ya balozi wao Rigby, waliingia upande wa Majid, na uasi ukavunjika. Barghash alipelekwa Bombay kwa miaka miwili. Salme alibaki na aibu, akajitenga shambani, Kizimbani kisha Bububu. Majid alimsamehe. Alipokubali msamaha ule, Khole na Barghash wakamwona msaliti. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa kunguru walikuwa mataifa ya Ulaya, waliojifunza kwamba nyumba ile inaweza kuingiliwa kupitia ufa wa ndugu.

Alirudi mjini. Jirani yake alikuwa kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Walipendana, na Salme akashika mimba. Hilo halikuwa jambo dogo: mwanamke asiyeolewa, wa nyumba ya kifalme, mwenye mimba ya mtu asiye wa dini yake. Maisha yake yalikuwa hatarini. Agosti 1866, usiku, alisaidiwa na mke wa Mwingereza mmoja wa ubalozi kupanda manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Ruete alimfuata baada ya miezi mingi. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, na safari ya Ulaya ikaanza. Mtoto wao alifariki safarini mwaka ule.

Tazama mzunguko wa mambo. Salme, binti wa suria, alikuwa halali kwa sheria ya kwao. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyezaliwa kabla ya ndoa, miaka mia mbili kamili baada ya yule Marie Anne wa Ufaransa, na kwa sheria zote mbili, ya Unguja na ya Ulaya, angeitwa mtoto wa nje. Alikuwa na kosa gani mtoto huyo ambaye hakuufikisha hata mwaka mmoja wa pili wa uhai wake? Mimi silioni.

Hamburg ilimpokea kwa baridi na macho ya kumshangaa. Akazaa watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Agosti 1870, Rosalie akiwa na miezi michache tu, Ruete aligongwa na tramu ya farasi akafariki. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Oktoba mwaka huo Majid naye akafariki huko Unguja, na aliyeketi kitini akawa Barghash, yule yule aliyeandikiwa barua na Salme, yule yule aliyetolewa nyumbani katika nguo za kike. Mjane alimwomba ndugu yake haki yake, hasa mafungu ya urithi wa ndugu waliofariki baada ya yeye kuondoka. Barghash alikataa. Hakukataa kwa sababu mama yake Salme alikuwa suria, kwani mama yake mwenyewe pia alikuwa suria. Alikataa kwa sababu dada yake alikuwa ameiacha dini na nyumba yao.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme alisafiri kwenda huko akitarajia kumwona. Serikali ya Uingereza haikutaka mazungumzo yake na Sultani yatiwe doa na habari za dada, ikamshawishi asionane naye kwa ahadi kwamba watoto wake watatunzwa. Sultani alipoondoka, ahadi ikayeyuka. Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya Wajerumani. Agosti 1885 Salme aliiona tena Unguja, baada ya miaka 19, akiwa katika meli ya Kijerumani, na manowari za Bismarck zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri. Ujerumani ilikuwa ikitaka Barghash aukubali utawala wake katika sehemu za bara, ambayo leo ni Tanzania. Barghash aliposalimu amri, dai la Salme halikuwa na kazi tena, likatupwa. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufa, akaambulia patupu vile vile.

Waingereza na Wajerumani walimtumia kama mtu atumiavyo ngazi: akishapanda huisukuma kwa mguu. Na sisi tunaoishi hapa Ntimaru tunaguswa na habari hiyo kuliko tunavyodhani. Ule mchezo wa miaka ya 1885 na 1886 ndio uliozaa mstari wa mpaka unaopita karibu na soko letu, ukiwaweka Wakuria wengine Kenya na wengine Tanzania upande wa Tarime.

Lakini kitu kimoja hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Mkono uliojifundisha juu ya mfupa wa ngamia ulijifunza pia herufi za Kijerumani. Alipokuwa mhitaji alifundisha Kiarabu ili watoto wake wale. Na mwaka 1886 alichapisha mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kimojawapo cha tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Ndani yake aliwaeleza Wazungu jinsi watu wa Unguja walivyokula, walivyoabudu, walivyougua na kuzikana. Hakikosi ila. Aliutetea utumwa kwa maneno ambayo leo hayatetewi, kana kwamba alisahau jinsi mama yake alivyofika Mtoni. Mwalimu anayekisomesha asilifiche hilo. Hata hivyo, bila ya kitabu chake jina la Jilfidan lingalipotea kama yalivyopotea majina ya maelfu ya wanawake wa hali yake. Wafalme wa Ufaransa walimfuta mama katika hati. Binti huyu alimwandika mama katika kitabu.

Baada ya safari ya pili aliishi kwa miaka mingi katika nchi za Sham, Jaffa na Beirut, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Katika vitu vyake palikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja. Alizikwa nao huko Hamburg, kando ya mumewe.

Sasa narudi darasani kwangu. Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Waarabu na Wafaransa. La, hasha. Katika mila za Wakuria, mama mwenye ng'ombe ambaye hakujaliwa mwana wa kiume aweza kuiolea nyumba yake mke. Watoto wa mke huyo huwa ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe, na hakuna anayewauliza ni mwanamume gani aliyewazaa. Wazee wetu nao walikuwa wakisema kwa lugha yao kwamba kitanda hakizai haramu. Sheria za nchi yetu zimeyumba pia. Sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kudai matunzo kwa baba wa mtoto ilifutwa mwaka 1969. Ilibidi tungoje mpaka Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 53 inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Msichana aliyejifungua naye ana ruhusa ya kurudi shuleni kwa sera ya serikali iliyoanza mwaka 1994.

Karatasi basi zimekwisha kunyooka. Kilichobaki ni vinywa vyetu, walimu na wanafunzi. Kicheko cha darasa langu hakikukatazwa na Katiba, na tabasamu langu halikukatazwa na yeyote. Nionavyo mimi, mwalimu anayenyamaza neno lile linapotamkwa huwa ameliandika yeye mwenyewe ubaoni.

Katika kipindi kilichofuata nilianza kwa swali la mvulana yule, nikalijibu kama nilivyolijibu hapa, na nikaomba radhi kwa kutabasamu. Sikumtaja mtu wala kumtazama mtu. Nimeacha pia desturi ya kusoma majina ya baba kwa sauti wakati wa kuita rejista. Kisha nikawapa wote kazi ya kuandika insha juu ya mtu mmoja aliyewalea, wamchague wenyewe. Msichana wa safu ya mbele aliandika kurasa nne kuhusu nyanya yake. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.